Mwili Imara Bila Kuvunja Kibubu: Mwongozo wa Mazoezi kwa Mkazi wa Dar

Ukizungumza na watu wa Dar es Salaam kuhusu mazoezi, wengi watakwambia wanasubiri wapate pesa ya gym. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili yao, kwa sababu naamini gym ni kitu cha mwisho kulipiwa. Kinachotangulia ni muda, halafu chakula, halafu raba. Pesa ikibaki baada ya hapo, gym karibu.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate kwa wiki dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali. Juu ya hapo, misuli ifanyishwe kazi angalau siku 2. Yote hayo yanawezekana ukiwa Mbagala kwenye chumba kimoja chenye kitanda, kochi na ndoo za maji.

Hatua ya 1: Jipime kwa uzi

Huna haja ya mizani. Chukua uzi au kamba nyembamba isiyovutika, simama ukutani bila viatu, na mtu akupime kuanzia kisigino hadi utosini. Kata hapo. Kunja uzi katikati, kisha uzungushe tumboni, kati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga. Pumua kawaida na usivute tumbo ndani.

Ncha zikikutana, kiuno chako hakijazidi nusu ya urefu wako, na hapo ndipo panapotakiwa. Zikigoma kukutana, mafuta ya tumboni yamezidi, na mafuta hayo ndiyo yanayoandamana na kisukari cha ukubwani, pressure na maradhi ya moyo. Pima pengo kwa vidole, andika, tunza uzi wako, kisha rudia kila mwezi. Naupendelea uzi kuliko mizani kwa sababu anayeanza kujenga misuli anaweza kubaki na kilo zilezile huku kitambi kikipungua. Mizani itamkatisha tamaa, uzi utamwonyesha kazi yake.

Uzi hauonyeshi pressure. Nenda kituo cha afya cha jirani ukapime, hata kama unajisikia mzima kabisa, maana pressure hukaa mwilini miaka mingi bila dalili. Ukikuta 140 kwa 90 au zaidi, usijihukumu kwa kipimo kimoja. Rudi siku nyingine upime tena ukiwa umetulia, na ikijirudia muone daktari. Sukari ukipima kabla ya kula chochote asubuhi na ikafika 7 (kwa kipimo cha mmol/L) au zaidi, nayo inahitaji daktari aithibitishe.

Kama tayari una ugonjwa wa moyo, unatumia dawa za kisukari, una ujauzito, au kifua hukubana ukipanda ngazi, ongea na daktari kabla ya hatua zinazofuata. Anayechoma insulini akumbuke kwamba mazoezi hushusha sukari, kwa hiyo atembee na kitu kitamu mfukoni. Na kwa mtu yeyote, maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukata ghafla ni ishara ya kuacha hapohapo na kutafuta matibabu.

Hatua ya 2: Tafuta dakika kwenye safari zako

Mtu anayeishi Gongo la Mboto na kufanya kazi Kariakoo hutoka nyumbani giza halijaisha na hurudi usiku umeingia. Ukimwambia atenge saa nzima ya mazoezi, humsaidii. Dakika zake ziko barabarani.

Shuka kituo kimoja au viwili kabla ya unapokwenda, utembee kwa kasi dakika 15. Jioni fanya hivyohivyo upande wa nyumbani. Dakika 15 asubuhi na 15 jioni kwa siku 5 za kazi zinatimia 150. Umeshafika kwenye kiwango cha chini kabla hata hujaigusa Jumamosi.

Ila mwendo wenyewe uwe wa mtu anayeona basi linataka kumwacha. Kipimo ni pumzi: uweze kuzungumza na mwenzako, lakini ukitaka kuimba ushindwe. Ukiweza kuimba wimbo mzima, ongeza kasi. Vaa raba njiani na viatu vya ofisi vikae kwenye mfuko. Palipo na barabara isiyo na njia ya miguu, tembea upande wa kulia ili magari yanayokukaribia uyaone usoni, na alfajiri vaa nguo ya rangi ya kung'aa.

Joto nalo lina amri yake. Kuanzia Desemba hadi Machi jua la Dar halina huruma, kwa hiyo mazoezi ya nje yaishe kabla ya saa 1 asubuhi au yaanze baada ya saa 11 jioni. Kunywa maji kabla hujatoka, usisubiri kiu.

Hatua ya 3: Jiunge na mchakamchaka

Tuliosoma shule za Tanzania tunaujua mchakamchaka: asubuhi mstari unazunguka uwanja, mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia kwa mguu. Klabu za jogging za mitaani zimeuendeleza utamaduni huo. Jumamosi na Jumapili alfajiri utazikuta barabarani na fulana za rangi moja, vijana kwa wazee, wanawake kwa wanaume, filimbi mbele na nyimbo nyuma. Wengine huelekea Coco Beach, wengine Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022 na tangu hapo likawa mahali pa wakimbiaji kupata upepo wa bahari.

Nawasihi wanaoanza wakimbie na klabu, kwa sababu mbili. Kwanza, wimbo ni kipimo cha bure cha kasi. Ukiweza kuitikia kiitikio, moyo wako unafanya kazi kwa kiasi. Sauti ikikata, rudi nyuma ya mstari utembee kidogo. Pili, mtu usipoonekana Jumamosi utapigiwa simu kuulizwa kulikoni. Hakuna gym ya bei mbaya inayokufanyia hivyo. Kabla ya kujiunga uliza mchango wa mwezi ni kiasi gani na fulana ni lazima au hiari, maana kila klabu ina utaratibu wake.

Kama hujakimbia tangu shule, usianze na kilomita 5. Kimbia dakika 1, tembea dakika 2, rudia mara 8. Fanya hivyo mara 3 kwa wiki, siku za kupumzika zikiwa katikati. Wiki ya pili au ya tatu, ikiwa miguu haiumi, kimbia dakika 2 na utembee 2. Magoti na kano huchelewa kuzoea kuliko pumzi, ndiyo maana wengi hujisikia vizuri wiki ya kwanza wakazidisha, kisha wiki ya tatu wanachechemea.

Raba ya mtumba, na jinsi ya kuichagua

Kwenye vifaa, hapa ndipo pesa ya kwanza iende. Mchikichini pale Ilala na masoko mengine ya mitumba yana raba nzuri kwa bei ya kuzungumzika, ila ujue unaangalia nini.

Nenda jioni, kwa kuwa miguu huwa imevimba kidogo kufikia saa hizo, na raba inayokutosha asubuhi inaweza kukubana jioni. Shika raba kwa mikono miwili uikunje. Inatakiwa ipinde pale vidole vinapoanzia. Ikipinda katikati ya unyayo, irudishe. Bonyeza kwa kidole gumba ile sehemu laini iliyo juu ya soli ya chini. Ikibonyea na kurudi, bado ina uhai. Ikiwa ngumu kama mbao, au ina mikunjo midogomidogo mingi, imeshakufa hata kama juu inang'aa kwa kuoshwa vizuri. Iweke kwenye meza uitazame kwa nyuma: kisigino kikiegemea upande mmoja, mwenye nayo wa kwanza aliishakipindisha, na wewe utapindishwa hivyohivyo. Chungulia gundi kuzunguka soli. Ivae zote mbili, simama, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba.

Rangi na jina la kampuni muachie muuzaji azungumze, wewe angalia hayo.

Hatua ya 4: Misuli, kwa dumu la maji

Hii ndiyo sehemu inayoachwa na wengi, nami naiona kuwa ya lazima. Mtu anakimbia kila Jumamosi lakini hawezi kuinuka kwenye mkeka bila kushika ukuta. Kuanzia umri wa miaka 30 na kitu, misuli huanza kupungua polepole isipopewa kazi. Pia misuli ndiyo inayotumia sukari nyingi ya damu, kwa hiyo kuijenga ni kujikinga na kisukari.

Akina dada wengi huogopa vyuma wakidhani watakuwa na miili ya wanaume. Ondoeni hofu. Mwili wa mwanamke una homoni chache sana za kiume, na misuli mikubwa huhitaji miaka ya kunyanyua vitu vizito na kula kwa mpango. Utakachopata ni mgongo usiouma, mifupa migumu na mwili uliokaza.

Kifaa chako ni dumu. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, kwa hiyo dumu la lita 10 ni chuma unachoweza kukipandisha kilo moja moja kuanzia 1 hadi 10. Chukua madumu mawili yenye mpini mzuri, hakikisha vifuniko havivuji, na weka alama za lita ubavuni kwa kalamu ya wino mzito. Maji yakishakuwa mepesi kwako, weka mchanga mkavu: lita 1 ya mchanga inakaribia kilo 1 na nusu.

Pasha mwili moto dakika 5 kwa kuruka kamba au kutembea papo kwa papo ukiinua magoti. Kisha fanya mambo haya manne.

Kuchuchumaa. Simama mbele ya kiti, miguu upana wa mabega. Sukuma makalio nyuma kana kwamba unakaa, gusa kiti kidogo, inuka. Visigino visinyanyuke, na magoti yaelekee vidole vya miguu vinakoelekea, yasiingie ndani. Anza bila uzito. Ukizoea, kumbatia dumu moja kifuani. Mzee anayeona kiti kiko chini aongeze mto.

Kusukuma. Pushapu za sakafuni ni ngumu kwa anayeanza, kwa hiyo anza ukutani. Ukifika mara 12 bila kuhangaika, hamia kwenye meza imara, halafu ukingo wa kitanda, mwisho sakafuni. Mwili uwe mstari mmoja kutoka kichwani hadi visiginoni, tumbo umelikaza, makalio yasibinuke wala yasining'inie.

Kuvuta. Egemea kiti kwa mkono wa kushoto, inama kutoka nyongani mgongo ukiwa umenyooka, mkono wa kulia ushike dumu. Livute hadi ubavuni, kiwiko kikipita karibu na mbavu, kisha lishushe taratibu. Badili upande. Zoezi hili ni dawa kwa watu wanaoshinda wameinamia simu, cherehani au kompyuta, kwa sababu linaurudisha mgongo wa juu mahali pake.

Kubeba. Shika dumu kila mkono, simama wima, mabega nyuma, tembea uani kwa sekunde 40. Pumzika, rudia. Wanaochota maji kila siku tayari wana zoezi hili. Ushauri wangu kwao ni kugawa mzigo sawa mikono yote miwili, au kubadilisha mkono njiani kila baada ya nyumba kadhaa.

Raundi 3 za kila zoezi, mara 8 hadi 12 kwa raundi (kubeba ni zile sekunde 40), pumziko la dakika 1 hadi 2. Ukifikisha 12 kwenye raundi zote na ukahisi ungeweza mbili tatu zaidi, ongeza lita 1 siku inayofuata. Andika kwenye daftari. Bila kuongeza mzigo, mwili huzoea na kukaa palepale. Mara 2 kwa wiki zinatosha, 3 ni bora zaidi, lakini usifanye siku mbili mfululizo.

Hatua ya 5: Sahani

Hakuna mazoezi yatakayokuokoa na soda mbili kwa siku. Chupa moja ya mililita 350 ina sukari ya gramu 35 na zaidi, karibu vijiko 9 vya chai. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 hivi kwa mtu mzima kwa siku nzima, na ndani ya hizo 50 kuna chai yako ya asubuhi. Ukiacha soda, pesa hiyo inanunua yai na machungwa.

Protini moja ya bei nafuu ni dagaa. Wakikauka vizuri, karibu nusu ya uzito wao au zaidi ni protini, na kwa kuwa unawala na mifupa yao, unapata madini ya kujenga mifupa. Wachambue mchanga, waoshe kwa maji ya moto, wakaange kwa mafuta kidogo na nyanya, vitunguu na ndimu. Wale waliotiwa chumvi waloweke kwanza, maana chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai. Maharage, kunde na choroko zinafuata kwa karibu. Loweka maharage usiku kucha umwage maji hayo. Yataiva haraka, na mkaa au gesi utakayookoa utaiona mwisho wa mwezi. Unga wa protini unaouzwa kwenye makopo muachie mwenye pesa za ziada. Na vidonge au chai za kukata kitambi zinazouzwa mitandaoni usiziguse, haijalishi nani anazitangaza.

Ugali wa dona una nyuzinyuzi na vitamini ambazo sembe imeziacha mashineni, na unashibisha kwa muda mrefu. Lakini chagua mahindi kwa macho yako: yenye ukungu, yaliyobadilika rangi au yaliyotobolewa na wadudu yaondoe, kwa sababu ya sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara na ambayo haiishi kwa kupikwa. Dona huchacha mapema kuliko sembe, kwa hiyo saga kidogo kidogo.

Mboga ziwe za msimu na za karibu: mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga. Usichemshe ukamwaga supu yake.

Na wewe unayekula kwa mama lishe kila mchana, tumia mdomo wako. "Shikamoo mama, naomba wali nusu, maharage na mchicha vijae, mafuta usiniongezee." Atakuelewa, na baada ya muda atakuwa anakupakulia hivyo kabla hujasema. Chipsi mayai ibaki chakula cha siku moja moja, si cha kila usiku unaporudi umechoka. Kwa usiku wa namna hiyo, chemsha maharage mengi Jumapili uyagawe.

Hatua ya 6: Ukiamua kwenda gym

Gym za mtaani ni hazina. Nyingi zina vyuma vilivyotengenezwa kwa saruji iliyomiminwa kwenye makopo ya rangi, bomba likapitishwa katikati, na vijana wametoka humo na miili ya kusimamisha watu. Lipa kwa siku kwanza kabla hujalipa mwezi. Nenda saa ileile utakayokuwa ukienda kila siku, uone msongamano.

Kagua mambo haya. Makopo mawili yanayofanana hayana lazima yawe na uzito sawa, maana saruji na kokoto hazikupimwa. Yainue moja moja, au bora zaidi mshawishi mwenye gym ayapeleke kwenye mizani ya wanunua chuma chakavu mara moja, kila kopo liandikwe kilo zake. Mzigo ukiegemea upande mmoja huharibu bega. Tingisha benchi kabla ya kulala. Angalia kama bomba lina kizuizi mwishoni ili makopo yasichomoke. Ukilala kusukuma uzito kifuani, pawepo mtu wa kukushikia. Na mwalimu anayekupa uzito mkubwa siku ya kwanza ili akupime ubavu, mkimbie.

Wiki moja inavyoweza kukaa

Jumatatu hadi Ijumaa, zile dakika 15 za asubuhi na 15 za jioni. Jumanne na Alhamisi usiku, madumu kwa nusu saa. Jumamosi alfajiri, mchakamchaka na klabu; anayeanza kukimbia atafute siku nyingine 2 katikati ya wiki ili zitimie zile mara 3. Jumapili pumzika, au cheza na watoto uwanjani. Lala kwa muda wa saa 7 hadi 8 kila usiku, ndani ya chandarua. Anayekosa usingizi hushikwa na njaa ya vitu vitamu kesho yake, na mpango wote unayumba.

Masika ikifika, kati ya Machi na Mei, barabara zitajaa maji. Usikimbie kwenye madimbwi yanayoficha mashimo na mitaro. Hamisha dakika zako ndani: kamba, ngazi za ghorofa kama zipo, raundi ya ziada ya madumu. Kwa mfungaji wa Ramadhani, tembea taratibu nusu saa kabla ya kufuturu, au beba madumu yako baada ya Tarawehe ukiwa umekunywa maji ya kutosha. Mchana ukiwa umefunga usikimbie.

Ukiugua malaria au ukasafiri, ukakaa wiki mbili tatu bila kufanya chochote, usirudi pale ulipoishia. Subiri homa iishe kabisa na hamu ya kula irudi, kisha anza na nusu: nusu ya maji kwenye dumu, nusu ya dakika za kukimbia. Ongeza kidogo kila wiki hadi utakapofikia namba ya mwisho iliyoandikwa kwenye daftari lako.